Nimepunguzwa kazi baada ya miaka zaidi ya 20, likizo yangu wameiingiza ndani ya notisi. Ni halali?

MtunzaStoo

Habari zenu wakuu. Naomba anayeijua sheria ya kazi ya Tanzania Bara anisaidie, muda nilio nao ni mfupi.

Mimi ni mtunza stoo kiwandani. Niliajiriwa Aprili 2003 Tabora, kwenye depo ya kampuni. Depo ilipofungwa nikahamishiwa Dar es Salaam, na tangu hapo sijatoka stoo. Vipuri, vifungashio, mafuta ya mitambo, vyote vinapita mikononi mwangu. Ukifungua leja za zamani, kurasa nyingi ni mwandiko wangu.

Tarehe 1 Oktoba nimeitwa kwa afisa utumishi nikapewa barua. Naiandika kama ilivyo: "Kutokana na mabadiliko ya mfumo wa uendeshaji, nafasi yako haitakuwepo kuanzia tarehe 31 Oktoba. Kipindi cha kuanzia leo ni notisi yako, na ndani yake utatumia siku zako 28 za likizo. Mbali na mshahara wa Oktoba utalipwa shilingi 2,100,000 ikiwa ni stahiki zako zote, yaani kiinua mgongo, notisi na likizo."

Chini ya barua kuna karatasi ya pili ya kusaini: "Nimepokea malipo yangu yote na sina dai lolote dhidi ya mwajiri." Wanataka niirudishe Ijumaa.

Mshahara wangu wa msingi ni 780,000 kwa mwezi, nafanya kazi siku sita kwa wiki. Likizo yangu huhesabiwa Aprili hadi Machi. Ile ya mwaka ulioisha Machi sikwenda. Niliomba Februari, meneja akaandika pembeni mwa fomu "subiri ukaguzi wa hesabu uishe", akasaini. Ukaguzi ulipoisha ikaingia mitambo mipya, nikaambiwa nisubiri tena. Ya mwaka huu pia sijaigusa.

Maswali yangu: likizo inaweza kuliwa na notisi namna hiyo? Hiyo 2,100,000 imetoka wapi? Na nimefanya kazi zaidi ya miaka 20, mbona afisa ananiambia wamehesabu 10 tu?

Kuna jambo jingine linaniuma. Stoo tulikuwa wawili. Mwenzangu ni kijana aliyeingia mwaka jana, kazi nimemfundisha mimi, naye anabaki. Simchukii hata kidogo, ana familia kama mimi. Ila hakuna aliyekaa nami akaniambia kwa nini yeye na si mimi.

---

fundi_umeme

Pole sana dada. Ushauri wangu ni mfupi: chukua hiyo hela, anza maisha mengine. Nafasi ikishafutwa imefutwa, na kubishana na kampuni kunachosha. Hela iliyo mkononi unaweza kuanza nayo biashara kesho.

---

MwenyekitiMstaafu

Dada MtunzaStoo, usisaini ile karatasi ya pili. Nasema hivyo kabla ya mengine yote. Na kwa heshima kwa kaka fundi_umeme, hela ya kiinua mgongo haipotei kwa kukataa kusaini kwamba huna dai. Ni stahiki ya kisheria, mwajiri atailipa tu. Kinachopotea kwa kusaini ni yale mengine ambayo hajalipa.

Nimekuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani kwa muda mrefu na nimeketi kwenye meza za kupunguza watu mara nyingi. Nimeona wengi wakisaini kwa sababu ya mtu mmoja kukaa mbele yao na kalamu. Kwa hiyo nitakufungulia barua yako kipande kwa kipande.

Anza na 2,100,000. Gawa mshahara wako wa msingi kwa siku 26 za kazi kwa mwezi, unapata 30,000 kwa siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka kiinua mgongo kisipungue mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na mwisho wa kuhesabu ni miaka 10. 30,000 mara 7 mara 10 ni 2,100,000. Unaona? Hicho kiasi wanachokiita "stahiki zako zote" ni kiinua mgongo peke yake, hadi shilingi ya mwisho. Notisi ndani yake ni sifuri, likizo ni sifuri.

Sasa notisi. Wewe ni wa mshahara wa mwezi, notisi yako haiwezi kupungua siku 28, iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe. Hapo wamefuata. Walipokosea ni kwenye likizo: sheria inakataza kumpa mtu notisi akiwa likizo, na inakataza notisi kwenda sambamba na likizo. Ni vitu viwili tofauti. Notisi umepewa ili upate muda wa kutafuta pengine huku ukilipwa. Likizo umeshaifanyia kazi, ni deni. Deni la likizo haliwezi kulipwa kwa siku za notisi. Kwa hiyo wachague: Oktoba ihesabiwe likizo, kisha notisi ya siku 28 ianze baada yake au ilipwe fedha taslimu badala yake, jambo ambalo sheria inaruhusu, ama Oktoba iwe notisi kweli, na zile siku 28 za likizo zilipwe pembeni. Kwa vyovyote vile kuna karibu mshahara wa mwezi mzima ambao hawajauweka mezani.

Likizo ya mwaka huu nayo haijatajwa kabisa. Umefanya kazi tangu Aprili. Mkataba unapovunjika katikati ya mzunguko, unalipwa mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Aprili hadi Oktoba ni miezi saba, kwa siku 26 kila mwezi ni 182. Gawa kwa 13, ni siku 14. Mara 30,000 ni 420,000. Iandike.

Ile ya mwaka ulioisha Machi ndiyo watakayoibishia, na hapa ile fomu yenye mwandiko wa meneja ni mali. Sheria inasema likizo itolewe ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko kwisha. Inaweza kusogezwa hadi miezi 12 ikiwa mfanyakazi amekubali na kazi inadai hivyo. Mtu aliyekaa na likizo bila kuiomba wala kuahirishiwa hujikuta anaambiwa imekufa. Wewe uliomba, wakakuzuia kwa ajili ya ukaguzi wao, ukakubali kusubiri. Miezi 12 inaishia Machi ijayo. Na barua yao yenyewe inakiri una "siku zako 28 za likizo". Piga picha ile fomu leo hii, nakala nyingine iache kwa mtu nje ya kiwanda. Ukikabidhi ofisi, faili haliko tena mikononi mwako.

Usafiri: umeajiriwa Tabora, ajira inakomea Dar es Salaam. Mwajiri anatakiwa akusafirishe wewe na mizigo yako hadi ulikoajiriwa, au agharamie usafiri huo, au akupe posho ya usafiri isiyopungua nauli ya basi hadi stendi iliyo karibu na hapo. Na kuna fedha ya kujikimu kwa siku unazosubiri kusafirishwa. Kama barua yako ya ajira ya 2003 inasema Tabora, iambatanishe.

Na hati ya utumishi. Mwambie aandike cheo na miaka yote, asikate.

---

MtunzaStoo

Mzee wangu, Mungu akubariki. Nimesoma mara mbili, nimeifanya hesabu mwenyewe kwa kikokotoo imetoka vilevile. 2,100,000 ni kiinua mgongo tupu. Nimeketi nikalia kidogo, si kwa ajili ya hela. Ni kwamba waliniambia usoni kwamba kila kitu kimo humo.

Barua ya Tabora ninayo, imechakaa ila muhuri unasomeka.

Naomba uniongezee mawili. Hiyo miaka 10 ni kweli basi? Zaidi ya nusu ya maisha yangu ya kazi haihesabiwi? Na la pili, Septemba tuliitwa ukumbi wa chakula, mkurugenzi akasoma tangazo kwamba kampuni inabadilisha mfumo na baadhi ya nafasi zitaguswa. Ikazungushwa karatasi ya mahudhurio, tukasaini, tukarudi kazini. Leo afisa utumishi ananiambia "mlishirikishwa, saini yako ipo."

---

MwenyekitiMstaafu

Ni kweli dada, na hapa sheria yetu inamwonea mtu aliyekaa muda mrefu. Nalisema wazi kwa sababu nimelisemea vikaoni miaka yote. Aliyefanya miaka 10 na aliyefanya 30, kwa kiwango cha chini cha sheria, kiinua mgongo chao ni kimoja kama mshahara ni mmoja. Miaka yako iliyozidi haina thamani ya shilingi kwenye kile kifungu.

Lakini kile ni kiwango cha chini. Miaka hiyo inaweza kupata thamani mahali pawili. Kwanza ni mkataba wa hali bora kati ya chama na mwajiri, au mwongozo wa wafanyakazi wa kampuni. Mikataba mingi ya hali bora huongeza juu ya sheria: mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka, au siku 14 badala ya 7, au haina ukomo wa miaka. Uliza tawi lenu leo. Kama mlikatwa ada ya chama kwenye mshahara, angalia hati yako ya mshahara itaonyesha, basi mkataba upo au ulipaswa kuwepo, na una haki ya kuuona.

Pili ni meza ya mashauriano, na hapo ndipo tangazo lenu la ukumbini linapoingia. Mwajiri anayefikiria kupunguza watu anatakiwa atoe taarifa mapema, mara anapolifikiria, si baada ya kuamua. Atoe taarifa zote zinazohitajika ili mazungumzo yawe ya maana. Kisha ashauriane na chama kinachotambuliwa, na pia na wafanyakazi ambao hawawakilishwi, juu ya sababu za kupunguza, hatua za kuepuka au kupunguza idadi, namna ya kuchagua nani aondoke, muda wa kutekeleza, na malipo ya kiinua mgongo. Soma hilo la mwisho tena. Malipo yenyewe ni ajenda ya mashauriano. Sheria imeweka sakafu, halafu ikawaambia mkae mzungumze. Mtu wa miaka zaidi ya 20 anaitetea miaka yake hapo. Mlipozungushiwa karatasi ya mahudhurio bila kuulizwa swali hata moja, mliondolewa kwenye chumba hicho.

Kusaini mahudhurio kunathibitisha ulikuwepo ukumbini. Hakuthibitishi kwamba ulishauriwa. Waombe kwa maandishi muhtasari wa kikao: nani alichangia nini, ni njia gani mbadala zilijadiliwa, vigezo vya uteuzi ni vipi. Kama muhtasari una tangazo tu, umeshinda nusu ya hoja yako kwa karatasi yao wenyewe.

Kuhusu kijana. Kigezo cha kawaida, ambacho Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinakitaja, ni wa mwisho kuingia awe wa kwanza kutoka, huku mwajiri akiruhusiwa kubakiza watu wenye ujuzi na uzoefu anaouhitaji. Kwa hiyo si kila mara mkongwe hubaki. Ila mwajiri akimwacha wa mwaka jana na kumtoa aliyemfundisha, anatakiwa aeleze ujuzi gani kijana anao ambao wewe huna. Kama ni mfumo wa kompyuta, je, ulipewa nafasi ya kujifunza? Liulize hivyo, kwa upole, na kwa maandishi. Usimtaje kijana kwa ubaya, hana kosa.

Jambo moja zaidi ambalo watu hulikosa. Ukipewa nafasi nyingine, hata ya idara nyingine, usiikatae kwa hasira. Anayekataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa anaweza kunyimwa kiinua mgongo. Omba iandikwe, isome, kisha ujibu kwa barua ukitaja sababu zako.

---

fundi_umeme

Mzee, nimejifunza. Nauliza kwa faida ya wengine, akikataa kusaini na wao wakagoma kulipa, anakwenda wapi?

---

MwenyekitiMstaafu

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Anajaza fomu namba moja, anampa mwajiri nakala, anabaki na ushahidi kwamba mwajiri ameipokea, kisha anaiwasilisha ofisi ya Tume ya eneo lake. Hakuna ada. Kwanza ni usuluhishi, mkishindwana mnakwenda kwenye uamuzi.

Siku ndizo zinazowaponza watu. Kama unadai umeachishwa isivyo halali, yaani sababu au utaratibu haukuwa wa haki, una siku 30 tangu ajira kukoma. Kama unadai malipo tu, mfano likizo au notisi, ni siku 60. Wengi huhesabu siku 60 kwa kila kitu, wanafika na dai la kuachishwa isivyo halali siku ya 45, wanaanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa. Dada, kwako zote mbili zinaweza kuhusika, kwa hiyo hesabu 30.

Na ahadi za "subiri wiki ijayo mhasibu arudi" hazisimamishi siku hizo.

---

DadaWaMafao

Samahani kwa kuingilia kati, mimi naongezea upande wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii unaolipa pensheni, kwa sababu watu wa umri huu huuharibu wenyewe kwa haraka.

Hakikisha barua inabaki na maneno ya kupunguzwa kutokana na uendeshaji. Wapo waajiri wanaosema "andika barua ya kuacha kazi, tutakuongezea kidogo". Usikubali. Kuna fao la kukosa ajira: mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na kupoteza kazi bila hiari yake hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Ukiandika umeacha mwenyewe, umejifungia mlango.

Chukua taarifa ya michango yako sasa, kabla hujakabidhi kitambulisho cha kazi. Linganisha na hati za mshahara mwezi kwa mwezi. Ukikuta miezi ilikatwa na haikupelekwa, hilo nalo liingie kwenye barua yako.

Na la muhimu zaidi kwa mtu kama wewe: pensheni inataka michango ya miezi 180. Umeshaipita kwa mbali. Miaka ile ambayo kiinua mgongo hakikuihesabu, NSSF inaihesabu yote. Umri wa kustaafu kwa hiari ni 55, kwa lazima ni 60. Hata kama hutaajiriwa tena, usiyumbishwe na anayekuambia hela yako imepotea.

---

MtunzaStoo

Asante dada yangu, hilo la barua ya kuacha kazi niliambiwa jana kwa mdomo, neno kwa neno. Nimekataa.

Nimekwenda tawini. Mkataba wa hali bora upo, na kwenye ukurasa wa kiinua mgongo umeandikwa siku 14 kwa kila mwaka, si 7. Ukomo wa miaka 10 umebaki. Katibu mwenyewe alikuwa hajaufungua tangu usainiwe. Kwa hiyo kiinua mgongo peke yake ni 4,200,000. Nimeangalia pia hati zangu za mshahara, ada ya chama imekatwa kila mwezi.

Barua niliyoandaa ni hii, naomba mnirekebishe kabla sijaipeleka:

"Nakiri kupokea barua yako ya tarehe 1 Oktoba. Sikubaliani na hesabu ya stahiki zangu. Kiinua mgongo kihesabiwe kwa siku 14 kwa mwaka kwa mujibu wa mkataba wa hali bora. Likizo yangu ya siku 28 ya mzunguko ulioisha Machi, iliyoahirishwa na meneja kwa maandishi, isiunganishwe na notisi. Naomba malipo ya likizo ya mzunguko wa sasa, siku 14. Naomba gharama za usafiri na mizigo hadi Tabora nilikoajiriwa, na hati ya utumishi. Naomba pia muhtasari wa mashauriano na vigezo vilivyotumika kunichagua mimi. Nipo tayari kwa mazungumzo nikiwa na kiongozi wa tawi."

---

MwenyekitiMstaafu

Barua imesimama. Ongeza mambo mawili tu. Baada ya neno "Machi" weka "nakala ya fomu imeambatanishwa", na mwishoni weka tarehe ambayo unaomba kujibiwa, siku saba zinatosha, ili ubaki na nafasi ndani ya zile siku 30.

Chapa nakala tatu. Moja ya afisa utumishi, moja ya tawi, ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa na kuwekwa tarehe, hiyo ndiyo yako. Wakikataa kugonga muhuri, itume kwa posta kwa rejista na utunze risiti. Ijumaa usiende peke yako, nenda na katibu, na huo mkataba aubebe akiwa ameshaufungua kwenye ukurasa huo.